Picha Nzima ya Maame Araba

Mchezo wa drafti ulivunjwa na Ato mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa anafungwa. Kete zake zilibaki tatu, mzee Kwamina ana kingi mbili, na hapakuwa na la kufanya ila kukubali. Ato akatia mkono mfukoni, akatoa chupa ya dawa, akaisimamisha katikati ya ubao na kusema tumbo linamkata, hawezi kuendelea.

Kijiwe chao kiko nyuma ya stendi ya teksi, mjini Sekondi, pembeni ya meza ya Maame Araba muuza kenkey, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa unaofungwa kwa maganda. Ato ana teksi inayoegeshwa zaidi kuliko inavyoendeshwa, ndiyo maana wanamwita Breki. Mzee Kwamina alikuwa tarishi wa mahakama miaka thelathini. Alibeba mafaili hadi sheria ikampenya kwapani, na sasa anaitwa Wakili. Wa tatu ni Ekow, mpiga picha, ambaye studio yake inatazamana na meza hiyo.

Kwamina aliichukua chupa aitupe kando, kisha akaisogeza karibu na macho. Akamtazama Maame Araba aliyekuwa anamenya maganda ya kenkey, akairudia chupa, akamtazama tena.

"Maame Araba, umeanza lini kutibu matumbo?"

"Mimi nayajaza tu. Kuyatibu waachie wenye kazi yao."

Lakini pale kwenye chupa alikuwa yeye. Kichwa kimetupwa nyuma, kitambaa kimemtelezea sikioni, mwanya wazi, anacheka cheko la mtu aliyesamehewa madeni yote. Chini yake pameandikwa: AMEPONA. Ilikuwa dawa ya mchango wa tumbo ya Papa Quansah, yule anayezunguka na gari lenye kipaza sauti.

Picha hiyo hakuna asiyeijua pale mtaani. Ilipigwa kwenye sikukuu ya Kundum mwaka juzi, na Ekow ameikuza hadi kimo cha mlango na kuitundika studio. Watu hutoka mpaka Tarkwa kuja kumwambia, "Nipige nicheke kama yule mama." Jina lote alilonalo Ekow limejengwa juu ya cheko lile.

Mjadala ukawaka. Kwamina alieleza kwamba picha ni mali ya aliyeipiga, tangu dakika ile ile anapoipiga, haihitaji muhuri wa mtu. Ila mwenye akili huenda kuisajili, ili siku mwizi akijitokeza awe na karatasi mkononi badala ya kelele mdomoni.

"Na uso?" Maame Araba akauliza, kisu mkononi. "Uso nilikwenda nao mimi."

Ato alisema uso ni wa Mungu, kwa hiyo Mungu ndiye wa kufungua kesi.

"Mungu hajawahi kufungua faili pale mahakamani," Kwamina akajibu. "Ningelibeba mimi."

Mwishowe wakakubaliana kwamba picha ni ya Ekow, uso ni wa Araba, na Quansah hana hata kivuli. Walimgeukia Ekow washangilie, wakamkuta anachokonoa samaki wake bila kula. Akasema ataliangalia.

Ekow alikuwa na sababu. Siku ile ya Kundum alikuwa anarudi kinyumenyume ili ngoma yote iingie kwenye picha, akarudi, akarudi, na mtaro ukampokea. Alizama hadi kiunoni katika maji ambayo Sekondi nzima ilikuwa imeoshea vyombo. Alichoweza ni kunyoosha mkono juu ili kamera isilowe. Mkewe, Efua, akaipokea ile kamera, na badala ya kumpa mume mkono, akabonyeza. Maame Araba hakuwa anacheka sikukuu. Alikuwa anamcheka yeye.

Picha nzima, kama ilivyotoka kwenye kamera, ina watu wawili: kulia Araba, kushoto Ekow ndani ya mtaro, ameshika tumbo, mdomo umepinda hadi karibu na sikio. Ekow aliukata upande wa kushoto usiku ule ule, akaiweka picha mtandaoni, sifa zikaanza kuja, naye akazipokea. Efua hakusema kitu. Watu walipomsifia mumewe mbele yake, aliitikia tu, "Ana jicho la picha." Miaka miwili Ekow alilisikia neno hilo likimchoma, akanyamaza.

Keshoye Papa Quansah alipita na gari lake, wakamsimamisha. Hakutetereka. Alisema picha alipiga mpwa wake, na mwenye kudai vinginevyo alete picha nzima, si hiyo ya ukutani ambayo yeyote angeweza kuikuza. Kisha akawasha kipaza sauti, akaondoka akiwatangazia habari za choo chepesi.

Hapo hapakuwa na pa kujificha. Ekow alipanda basi la alfajiri hadi Accra, ofisi ya hakimiliki. Dada mmoja mwenye miwani akampa fomu na kumweleza kwa upole: jina la kazi, mwaka, nakala moja, kisha jina na sahihi ya mtu aliyeipiga kwa mkono wake mwenyewe. Na kama kuna ugomvi, alisema, aitunze vizuri ile ya asili iliyotoka kwenye kamera, kwa kuwa ndiyo shahidi wake. Ekow aliandika jina la kazi. Aliandika mwaka. Alipofika kwenye jina la mpigaji, kalamu ikakataa. Akaikunja fomu, akaomba radhi, akarudi stendi.

Kijiweni alisema foleni ilikuwa ndefu. Kwamina akamtazama usoni.

"Miaka thelathini nimewaona watu wakitoka mahakamani," akasema. "Wa foleni hurudi amekasirika. Wewe umerudi una haya. Njia ya mwongo fupi, Ekow, na ya kwako imeishia Accra."

Ekow aliinuka. Alivuka barabara, akapita studio bila kuingia, akaenda nyumbani. Efua alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za kwaya. Ekow akaiweka ile fomu juu ya kitambaa, mbele ya sindano, na kumwambia ajaze jina lake.

Efua aliisoma yote kabla ya kusema chochote.

"Nilikuwa nangoja uniambie," akasema. "Picha unaweza kuitundika hata mbinguni, sijali. Lakini kila siku unaipita ukiingia kazini, na hukuniambia hata siku moja, Efua, hii umeipiga vizuri."

"Umeipiga vizuri," Ekow akasema. "Nimepiga picha miaka ishirini na sita, sijapata moja kama hiyo."

Efua akakata uzi kwa meno, akaomba kalamu.

Wiki iliyofuata walikwenda Accra wote wawili, na cheti kilipotoka kilikuwa na jina la Efua Essuman. Ekow aliichapisha picha nzima kwa mkono wake, mtaro na yote, na kuipeleka kijiweni. Alijua yatakayompata. Ato alianguka kutoka kwenye benchi na hakuona haja ya kuinuka upesi. Maame Araba alicheka mpaka mteja akaondoka bila kenkey yake. Kwamina peke yake ndiye aliyejikaza, akasema ushahidi uheshimiwe, kisha naye akashindwa, akalala juu ya ubao wa drafti.

Papa Quansah alipopita, Efua mwenyewe ndiye aliyemsimamisha. Alimwonyesha cheti, alimwonyesha picha, akamwuliza kama mpwa wake aliukumbuka mtaro ule. Quansah aliitazama picha, akamtazama Ekow, akairudia picha. Ubishi ukamwisha. Alikubali kubandua lebo zote, na alimwomba radhi Maame Araba akiwa amevua kofia, kama Araba alivyotaka.

Lakini biashara haimtoki mtu. Alirudi hatua mbili, akamnong'oneza Efua, kidole kikiwa upande wa kushoto wa picha. Alisema katika maisha yake yote ya kuuza dawa hajawahi kuona tumbo linalouma wazi namna ile. Uso kama huo ungemaliza chupa zote kabla ya kufika Cape Coast. Je, huyu wa mtaroni naye wamemsajili?

"Huyo," Efua akasema, "nilimsajili zamani, kanisani. Cheti kiko kwenye sanduku langu. Hauzwi, haazimwi, wala hakatwi nusu."

Mzee Kwamina alisema hapo hakuna rufaa.