Uzinduzi wa Daraja la Mtaroni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mkutano huu, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Tendaji, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati inayoisimamia Kamati Tendaji, Ndugu Katibu unayeandika kila ninachotamka, Mwalimu Mkuu wa shule iliyo ng'ambo ya mtaro, Mganga wa zahanati iliyo ng'ambo ya mtaro, akina mama, akina baba, vijana, watoto mlioambiwa mkae chini mkakaa, wageni waalikwa, na ninyi wengine ambao hamkualikwa lakini hapa ndipo mnapoishi: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu nimemsahau, ajihesabu ametajwa. (Makofi. Mzee mmoja anauliza kama ndiyo imekwisha.)

Mimi, kwa wachache wasionifahamu, ndiye Mratibu Mkuu wa Uratibu wa Shughuli za Kujitolea, nafasi niliyoipata kwa mchakato wa wazi kabisa ambao mwombaji alikuwa mmoja, na leo nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa ambao watu wengi wameusifia, nikiwemo mimi mwenyewe, ili nizindue rasmi Mradi Shirikishi Endelevu wa Daraja la Waenda kwa Miguu, mradi ambao kwa miaka miwili sasa ofisi yangu imeubeba kichwani, begani na mgongoni. (Sauti ya mwanamke: "Aliyebebwa mgongoni ni mama yangu." Vicheko.)

Nimemsikia fundi cherehani, na wala sikasiriki, kwa sababu demokrasia ni kuvumiliana. Ndugu wananchi, huyu mama mnamfahamu. Kibanda chake kiko pale penye kona, na mama yake mzazi, bibi yetu aliyekaa kwenye kiti cha mbele, aliteleza mtaroni msimu wa mvua uliopita akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo kila Jumanne hubebwa mgongoni na wajukuu kuvushwa kwenda zahanati. Nimeguswa. Nilipopata taarifa hiyo niliguswa kiasi kwamba niliitisha kikao siku hiyohiyo, tukakaa kimya dakika moja, kisha tukapata chakula cha mchana.

Sasa hapa ndipo nataka tuelewane. Huyu mama, badala ya kusubiri, alianza kupita nyumba hadi nyumba na daftari lake la vipimo vya nguo, akiuliza nani ana mbao, nani ana misumari, nani ana mikono. Kila Jumamosi asubuhi mkawa mnashuka mtaroni na majembe, mwashi anapanga mawe, seremala anapiga randa, dada wa saluni anachota tope na kucha zake zilezile, watu arobaini na mmoja, wote wanajitolea bila kuombwa, bila kusajiliwa, bila hata tisheti. (Makofi makubwa.) Msipige makofi, nawalaumu. Kule kulikuwa ni kujitolea kiholela.

Ofisi yangu haikukaa kimya. Tuliwaandikia barua ya kusimamisha shughuli hizo, kwa kuwa kanuni iko wazi: mahali penye mradi wa ofisi, mwananchi haruhusiwi kupigilia hata msumari mmoja, ili kuepuka kile ambacho sisi wataalamu tunakiita dupulikesheni. Mngejenga daraja ninyi, halafu na sisi tujenge daraja, mtaro mmoja ungekuwa na madaraja mawili, na hapo wananchi wangechanganyikiwa wapite lipi. Mkatii, mkaweka majembe chini, na mbao zenu zikahifadhiwa. (Seremala: "Zimehifadhiwa wapi, Mheshimiwa? Si umezikanyaga hapo." Mheshimiwa anatazama chini, kwenye jukwaa.) Zimetumika kwa muda, fundi, kwa shughuli ya kitaifa.

Tulipowasimamisha hatukuwaacha hivihivi. Tuliwaletea Fomu ya Kuomba Kujitolea, kurasa kumi na saba, nakala nne, ambapo mwombaji alitakiwa tu kuambatanisha uthibitisho wa kuwahi kujitolea kwa miaka isiyopungua mitatu. Tuliendesha semina sita za kapasiti bildingi, tukakutana na mastekiholda, tukatengeneza rodimapu yenye rangi, na wataalamu wetu wanne, mimi nikiwa watatu kati yao, tulisafiri kwenda nje kuangalia daraja, tukalivuka, tukarudi, yaani tukalivuka mara mbili. Tathmini tuliyojifanyia inaonesha kuwa uelewa wa wananchi kuhusu daraja umepanda kutoka asilimia sifuri hadi asilimia mia moja na nane, na ninyi wenyewe ni mashahidi, kwamba kabla ya ofisi yangu kuingilia kati hakuna mtu hapa aliyekuwa akililalamikia daraja kwa kiwango hiki. (Vicheko. Mwashi anatikisa kichwa na kuangalia mawingu.)

Naona mnaangalia mawingu. Najua mvua haziko mbali, na idara inayohusika imeziandikia. Samahani, imeandikiwa kuhusu mvua hizo. Msiwe na wasiwasi, kwa sababu mradi uko katika hatua nzuri sana, hatua ambayo kwa kweli watu wengi hawaijui, na kwa ridhaa yenu naomba sasa tupaze sauti kwa pamoja. Nikisema "Kujitolea", ninyi mseme "Kwa utaratibu". Kujitolea! (Mtoto mmoja peke yake: "Kwa utaratibu." Anavutwa shati na mama yake.) Ahsante, mwanangu, una maisha mazuri mbele yako. Daraja letu! (Wananchi: "Liko wapi?") Hapana, hapo jibu ni "Fahari yetu", limeandikwa kwenye ratiba.

(Bibi wa kiti cha mbele ananyoosha fimbo. Mwenyekiti anasema maswali ni baadaye. Bibi anasema baadaye atakuwa amelala.)

Mwacheni mama aseme, mimi ni mtoto wa watu.

(Bibi: "Mwanangu, umesema vizuri, koti limekukaa. Mimi nauliza kitu kimoja tu. Huo mradi wako, upo au haupo? Kama upo, tuendelee kusubiri, nitabebwa. Kama haupo, waache hawa watoto wangu wamalizie. Basi.")

Mama, swali lako ni zuri, na ni fupi, jambo ambalo ndilo linaloleta ugumu. Nitalijibu kwa njia ya shukrani, kwa kuwa nilikuwa nimeshafika kwenye ukurasa wa shukrani. Napenda kumshukuru kwa dhati mhandisi wa mradi, ambaye nina imani tutampata. Namshukuru mkandarasi kwa subira yake, kwani hajui kama sisi tunamtafuta. Nawashukuru waliochora michoro, pindi watakapoichora. Naishukuru bajeti, ambayo haikuombwa kwa sababu fomu ya kuiombea ilihitaji jina la mradi, na jina tulikubaliana juzi tu, ndani ya gari, tukija hapa kukagua jukwaa. Kwa hiyo mama, ukichukua haya yote kwa ujumla wake, kimsingi, kwa hatua tuliyofikia, na bila kuathiri mafanikio niliyoyataja, mradi... haupo.

(Fundi cherehani anasimama. "Katibu, umeandika?" Katibu: "Nimeandika. Haupo." "Na saa?" "Saa nne na dakika ishirini." Fundi cherehani anawageukia wenzake: "Haya, mmesikia. Hakuna mradi, hakuna kanuni." Watu wanaanza kukunja mikono ya mashati. Seremala anapiga magoti pembeni mwa jukwaa na kung'oa msumari wa kwanza.)

Ndugu wananchi, sijamaliza, bado kuna ukurasa wa... Fundi, naomba uanzie upande ule. Nawashukuru kwa utulivu wenu. Nawashukuru kwa... huu ubao nimesimama juu yake, ndugu yangu. Niseme tu, kwa kumbukumbu za Katibu, kwamba ofisi yangu haipingi hiki kinachoendelea, na ikiwezekana iandikwe kwamba imekianzisha. (Katibu anafunga daftari.) Basi ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Naomba mkono nishuke.

(Anapewa mkono. Kisha anapewa ncha moja ya ubao na kuambiwa ashike vizuri, mbele kuna tope. Anashika. Bibi anamuuliza binti yake kama Jumanne atavuka kwa miguu yake mwenyewe. Anaambiwa Jumatatu aje kulijaribu daraja.)