Mbuzi Watatu wa Protoni

Jumatatu, 7 Juni 1982

Itangazwe Isiolo nzima, hadi Garbatulla: leo nimenunua kikombe cha pili! Cha bati, chenye ua. Cha kwanza changu, hiki cha mgeni. Mgeni bado. Jirani yangu Kithinji, mwalimu wa bayolojia, ana wageni mpaka wanakalia ndoo. Anawasimulia habari za nyoka. Mimi nafundisha fizikia. Nani atembelee fizikia?

Jumanne, 8 Juni

Nimepata! Alhamisi nafundisha chembe za msingi, wazazi waalikwe, kisha chai kwangu. Ndani ya protoni mna chembe tatu ziitwazo kwaki: nyekundu, kijani, buluu. Rangi za jina tu. Haziachani. Ukivuta moja, haitoki peke yake. (Zina bahati.) Mzee Dullo, mzazi, ataniazima mbuzi watatu waliokua pamoja, wawe kwaki zangu. Akauliza, kwani mwalimu, hiyo protoni inaliwa? Nikamwambia aje aone, kikombe chake kipo.

Jumatano, 9 Juni

Nimewapaka mbuzi rangi mgongoni, kila mmoja yake. Kithinji kachungulia, akasema, Mwalimu, kesho ni soko, hiyo nyekundu ifute. Wivu!

Alhamisi, 10 Juni

Haikuwa wivu. Arero, mfanyabiashara wa mifugo, humpaka nyekundu kila mbuzi aliyemnunua. Nilikuwa napita sokoni na mbuzi, darasa zima na wazazi nyuma yangu. Vijana wake wakamnyakua mwekundu, wakamtupa kwenye lori. Nikapiga kelele kwamba huyo ni kwaki! Wakasema kwaki au si kwaki, mzee, ana alama yetu. Wenzake wawili wakalia, wakaruka juu kumfuata. Haziachani! Ushahidi! Nikashangilia. Lori likaondoka. Darasa likalikimbiza, wazazi wakalifuata darasa. Nikabaki na chaki.

Ijumaa, 11 Juni

Dullo kasimama mlangoni. Alisema salaam aleikum, basi. Nikamkaribisha chai. Akasema mbuzi kwanza.

Jumamosi, 12 Juni

Nimemwandikia mkuu wa shule kwamba onyesho lilifaulu. Ukweli ni huu: hakuna aliyejifunza kitu. Arero amerudisha mbuzi jioni, akawapeleka kwa Kithinji, maana ndiko watu walipo. Dullo naye yuko huko. Nawasikia kupitia ukutani. Mmoja anaigiza sauti yangu: "Huyo ni kwaki!" Wanacheka, na mbuzi wanalia. Sikuitwa. Nimekunywa chai kwa kikombe changu, halafu kwa kile cha mgeni, kisipate kutu.

Wiki ijayo, elektroni. Inazunguka, kwa hiyo inahitaji nafasi. Dullo ana ngamia. Kesho nanunua rangi, na kikombe cha tatu.