Perege Mia Tatu na Kambale Mmoja

Jumatatu, 14 Julai
Nimepata! Uenyekiti wa kikundi chetu cha bwawa hapa Chiwata ni wangu. Jumamosi tunavua, kisha tunapiga kura. Mzee Nurdin amekalia kiti hicho miaka tisa na hajui hata kuwasha kompyuta. Mimi nimeliingiza bwawa zima kwenye kompyuta. Kila samaki peke yake: umri wake, njaa yake, woga wake. Perege mia tatu, kambale mmoja. Naacha siku zipite, naona nani anazaa na nani analiwa. Nitawatajia idadi kabla wavu haujagusa maji.

Jumanne, 15 Julai
Wazo limenijia nikinawa uso. Samaki nimewapa majina ya wanachama, kila mpiga kura ajione. Kambale nimempa la Mzee Nurdin. Kwa heshima tu, ndiye mkubwa. Mke wangu Agatha kauliza kama mimi ni mzima. Hajui siasa.

Alhamisi, 17 Julai
Maonyesho ya bwawa langu la kompyuta. Watu wamejaa. Dakika mbili safi, kisha Nurdin akammeza Mama Faidha. Mama Faidha mwenyewe akasimama, akauliza kamkosea nini mzee wa watu. Nurdin akamla Benedikto, na shemeji zake wawili. Wakabaki perege kumi na mmoja. Mzee Nurdin akasema kwa upole kwamba meno ya kazi hiyo hana tena. Wakacheka wote. Nikaona kura zinaniponyoka. Nikamfuta kambale, nikaanza upya. Perege elfu mbili! Makofi. Mama Faidha ana wajukuu sitini. Wamealika wageni mpaka Newala.

Jumamosi, 19 Julai
Wageni wamekuja na ndoo arobaini. Wavu umetoa perege kumi na mmoja. Na kambale, mnene kama mchi. Hesabu yangu ya kwanza, sawasawa! Nimerukaruka kwa furaha. Peke yangu. Mama Faidha kauliza, kama nilijua, kwa nini nilimficha mlaji. Mzee Nurdin kapata kura zote isipokuwa yangu. Hata ya Agatha. Kambale kapikwa kwa tui. Nimepewa mkia.

Jumapili, 20 Julai
Nimeamka na nguvu mpya. Kosa lilikuwa kuhesabu samaki badala ya wapiga kura. Leo nimewaingiza wanachama wenyewe, kila mmoja na umri wake, njaa yake, ukoo wake. Nimeendesha uchaguzi ujao mara ishirini. Mara zote kashinda Mzee Nurdin.
Nimemfuta. Sasa nashinda kwa kura zote, hata ya Agatha.