Wimbo Usio na Mwenyewe

Jumatatu, 2 Juni 2003

Leo nimeanza kuwa mtu mkubwa. Wenzangu bado hawajajua.

Nimemwendea Mzee Zubery, mwenye Redio Mgebuka, dukani kwake anakouza mabati na misumari. Nikampa shikamoo mbili, moja ya kuingilia na moja ya akiba. Nikamweleza mpango wangu. Mseto! Hakuna mtangazaji. Hakuna saa ya taarabu, saa ya rumba, saa ya kwaya. Nyimbo za kila namna, za zamani na za juzi, zinafuatana zenyewe kwenye kaseti mchana kutwa. Binamu yangu wa Dar es Salaam anasema huko ng'ambo redio za namna hiyo zinavuma. Mzee akauliza mtangazaji atakuwa anafanya nini. Nikasema atakuwa anabuni. Akauliza anabuni nini. Nikasema ubunifu hauulizwi hivyo.

Amekubali wiki moja ya majaribio. Jumamosi kutakuwa na mdahalo hewani: je, Mseto ni ubunifu, na je, utadumu? Mimi upande wa ndiyo. Upande wa hapana, mtangazaji mwenzangu Hidaya.

Hapo pana ugumu. Saa niliyopewa ni ya Hidaya, saa ya salamu. Watu wananunua kadi, wanajaza majina, yeye anasoma: fulani wa Buzebazeba anamsalimu fulani aliyeko kambi ya wakimbizi Lugufu, ujumbe ni huu, wimbo ni ule. Kadi za kambini zinaletwa na madereva wa malori, mafurushi kwa mafurushi. Anazisoma zote, hata zile zenye majina ya ukoo mzima. Sauti inamkauka.

Hesabu yangu naiandika humu tu. Mseto ukishika, Hidaya hana kazi mchana. Mimi sina kazi mchana. Watu wawili wasio na kazi, jengo moja. Chai! Tangu nianze kazi hapa hatujawahi kunywa chai tukiwa tumekaa.

Hajanisemesha tangu apate habari. Ni mwanzo tu.

Jumanne, 3 Juni

Asubuhi nimekwenda mwaloni Kibirizi. Nimenunua gunia zima la kaseti kuukuu kwa mwenye boti mmoja, anasema alizipata ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Nyingi hazina maandishi. Zinanuka dagaa. Vema! Mseto hautaki maandishi.

Nimechanganya kwa ufundi. Rumba, kwaya, taarabu, ngoma za Kiha, halafu rumba nyingine ya kale ya mtu anayeimba kwamba amepanda mtumbwi na kiatu kimoja, kingine kimebaki ufukweni. Sijui ni nani. Mpiga gitaa anajua kazi yake.

Na katikati, kwa makusudi, taarabu ya mwanamke wa mlango wa buluu. Mlango wa nyumba ya kina Hidaya, Ujiji, ni wa buluu. Sikusema kitu. Mtu mwenye akili hufahamu.

Wimbo umepita Hidaya akiwa palepale, anapanga kadi zake zisizosomwa. Nikamtazama. Akasema kaseti zangu zinatia kichefuchefu, nizianike.

Jumatano, 4 Juni

Siku mbaya. Kulikuwa na harusi Ujiji, wenye harusi wakafungulia Redio Mgebuka na spika kubwa. Mseto ukawapigia muziki wa kucheza, wakacheza. Bibi harusi anatoka tu ndani, ikaingia kwaya ya matanga. Nyanya yake akaketi chini akalia. Mjomba mtu amekuja studio na fimbo. Nimejifungia chooni mpaka alipotulizwa kwa soda.

Mzee Zubery ameuliza kama huo ndio ubunifu. Nimemjibu kwamba ndiyo maisha, furaha na msiba havipangi foleni. Akasema maneno hayo niyaweke kwa ajili ya mdahalo, ila nikae mbali na Ujiji siku mbili hizi.

Taarabu ya mlango wa buluu nimeipiga tena. Hidaya alikuwa ametoka kununua maandazi.

Alhamisi, 5 Juni

Ushahidi! Nimeletewa ushahidi kwa lori!

Asubuhi nimemkuta mtu wa makamo kwenye benchi la nje, shavu limevimba, kofia magotini. Anaitwa Mzee Martini, Mbembe wa Baraka, ng'ambo ya ziwa. Yuko Lugufu tangu vita. Juzi alikuwa anachonga mpini, redio ya jirani ikapiga ule wimbo wa kiatu. Akaangusha panga. Siku walipokimbia, watu walikuwa wanajaa kwenye mitumbwi, akamwambia binti yake Marcelina kwamba wakipotezana, popote atakapofika aombe wimbo ule redioni, baba atasikiliza. Alikuwa akiupiga kwa gitaa binti akiwa mdogo. Mtoto akasukumwa mtumbwi mmoja, baba mwingine. Hawajaonana tena. Amekuwa akisikiliza tangu hapo.

Nikamuuliza kwa nini yeye mwenyewe hakuandika kadi akauomba. Akasema aliogopa. Ukiomba usijibiwe, utakuwa umejua.

Kutoka kambini kunataka kibali. Aliomba cha kutibiwa jino, akapewa mpaka Jumapili. Jino lilikuwa zima. Alipofika hospitali jana akashikilia walitoe, kwa sababu alisema linauma, na yeye si mwongo.

Halafu akauliza: nani aliuomba wimbo?

Hakuna aliyeuomba. Umetoka kwenye gunia. Nilifungua kinywa nimwambie hivyo. Kisha nikaona mbele yangu mtu aliyekubali kung'olewa jino kwa ajili ya Mseto, na mdahalo ni keshokutwa. Kinywa kikasema chenyewe kwamba alipita mwanamke, kijana hivi, hakuacha jina.

Mzee Martini akavaa kofia. Akasema basi atamngoja hapahapa, kwa kuwa mtu aliyepita mara moja hupita tena.

Nimejipalia makaa.

Ijumaa, 6 Juni

Bado yuko kwenye benchi. Kila mwanamke akiingia, mzee anasimama kumpisha, anamtazama usoni, anakaa tena. Mwenye kuuza ndizi amepita mara nyingi, na kila mara mzee kasimama. Siwezi kutoka kwa mlango wa mbele. Natokea dirishani.

Hidaya amemletea uji kwa ajili ya fizi. Kisha akaja kwangu, akafunga mlango. Kwa mara ya kwanza tuko peke yetu na mlango umefungwa! Akauliza nani aliomba wimbo ule. Nikasema mwanamke. Akauliza kwa kadi au kwa mdomo, maana kadi zote zinapita mikononi mwake. Nikasema kwa mdomo. Akauliza alivaaje. Nikasema kitenge. Akanitazama tu. Macho yake ni mazuri, ila leo sikuyafaidi.

Sikula mchana. Nimempelekea Mzee Martini mto wa kiti changu aukalie. Ameniombea dua ndefu, ameniita mwanangu. Sijui kwa nini nilikwenda kulia nyuma ya jenereta. Huenda ni moshi.

Jumamosi, 7 Juni

Mdahalo.

Mzee Zubery mwenyekiti, na kengele ya baiskeli ya kunyamazishia watu. Nikaanza mimi, na nilisema vizuri, sitaki unyenyekevu wa uongo. Nilisema kichwa cha mtu hakina saa ya taarabu na saa ya rumba, ni mchanganyiko tangu asubuhi. Nikasema sisi wenyewe ni mseto, Waha, Wamanyema, Wabembe, Warundi, waliozaliwa hapa na walioletwa na vita, tunanunua dagaa sahani moja. Redio inayopiga yote bila kubagua ndiyo sura yetu. Na kitu kikiwa sura ya watu, kitadumu kama watu. Mzee Zubery alisahau kugonga kengele.

Hidaya hakuwa na karatasi. Alikubali karibu yote. Alisema ni kweli Ujiji ni mseto na unapendeza. Halafu akasema:

"Lakini ukibisha hodi Ujiji unaulizwa nani. Hatuishi kwa kuchanganyika tu, tunaishi kwa kujuana. Wimbo usio na mwenyewe unapendeza, unapita. Ule uliotumwa kwa jina, mtu huukumbuka mpaka anazikwa. Huo ndio utadumu, Swaibu."

Alitaja jina langu hewani. Nikapoteza mahali nilipofika.

Nikamwita shahidi wangu. Nilikuwa nimemfundisha asubuhi: aseme tu kwamba Mseto ndio uliomtoa Lugufu, basi, ashuke. Mzee Martini akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Shavu bado limevimba. Hakusema niliyomfundisha. Aliomba ruhusa atoe salamu.

"Mimi niko Martini wa Baraka. Niko nasalimia mtoto wangu Marcelina. Mama, kama ni wewe uliomba ule wimbo, niko hapa kwa redio, kwa benchi. Na kama si wewe, niko hapa tu."

Akarudisha kipaza sauti. Pakawa kimya hewani muda mrefu, jambo ambalo katika redio ni kosa, wala hakuna aliyelisahihisha. Mzee Zubery akasema vumbi limemwingia machoni, hukumu Jumatatu. Hidaya alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Baadaye nilimfuata Hidaya nikamwambia kweli. Hakukuwa na mwanamke. Ni gunia. Nilitegemea atanifukuza. Akasema alijua tangu nilipotaja kitenge. Akasema kesho alasiri mzee anarudi kambini, na tumwachie usiku huu mmoja. Akaniambia nisithubutu kudanganya hivyo tena.

Jumapili, 8 Juni

Lori la kumrudisha Mzee Martini lilikuwa liondoke alasiri. Kibali kinakwisha leo. Tulikuwa naye benchini, Hidaya na mimi. Nilikuwa nimeamua kumweleza. Nimeamua mara nyingi tangu alfajiri.

Ikaja baiskeli. Kijana wa Kiha anaendesha, jasho linamtiririka, nyuma mwanamke na mtoto mgongoni. Wametoka kijijini Simbo. Kijana akatuamkia kwa Kiha, mwakeye, akaegemeza baiskeli ukutani taratibu kama aliyekuja kutembea. Mzee Martini akasimama kumpisha mwanamke apite, kama anavyowapisha wote. Akamtazama. Hakukaa tena.

Mwanamke hakulia mwanzoni. Aliweka kiganja kwenye lile shavu lililovimba, akauliza nani amempiga baba yake.

Wamekaa benchini, mtoto mapajani kwa babu, anavuta kofia. Marcelina alikuwa ameambiwa na majirani kwamba mtumbwi wa baba ulizama. Nani anatuma salamu kwa aliyezama? Ameolewa Simbo na huyo kijana wa baiskeli, wanalima mihogo. Mzee Martini akamwambia kwamba wimbo wake ulimfikia, wimbo wa kiatu, siku ya Jumanne. Marcelina akashangaa.

"Wimbo sikuusikia, baba. Mchana tuko shambani. Jana ndiyo nilisikia sauti yako."

Mzee Martini akageuka akanitazama. Nikatazama baiskeli. Ilikuwa baiskeli nzuri. Akafikiri kidogo, akasema basi aliyeuomba ni Mungu. Akanipa mkono. Nimeupokea, ningefanyaje? Nimelia waziwazi, hakukuwa na jenereta wala moshi. Hidaya amenipa ncha ya mtandio wake nijifute.

Wamepanda lori wote wanne na baiskeli juu, wakamsindikize mzee mpaka kambini, waone anapolala. Marcelina alikuwa bado ameshika lile shavu.

Jumatatu, 9 Juni

Hukumu. Salamu zinarudi saa yake, Hidaya anaongezewa nusu saa. Mseto unahamishiwa alfajiri, kabla watu hawajaamka. Mzee Zubery anasema huko hautamwua bibi wa mtu yeyote.

Ushindi! Kwanza, haukufutwa. Pili, nani alimleta Mzee Martini? Wimbo. Nani aliuleta wimbo? Gunia. Nani alinunua gunia? Marcelina anasema ilikuwa sauti, lakini alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hakumbuki vizuri. Nimekwisha mwandikia Mzee Zubery pendekezo jipya: Mseto wa Salamu. Kadi zote zinatiwa ndani ya ndoo, zinakorogwa, unatoa mtumaji wa kadi hii, msalimiwa wa kadi ile, wimbo wa kadi nyingine. Anayestahili atajitambua.

Na chai nimekunywa! Tumekaa! Hidaya ndiye aliyeimimina. Akasema jambo moja la ajabu, anatazama kikombe: kwamba anasoma salamu za mkoa mzima, kambi zote na miji yote, na tangu aanze kazi hakuna mtu aliyewahi kujaza kadi yenye jina lake yeye. Akasema angeipenda. Hata fupi. Kadi tupu zilikuwa mezani, kati yetu. Akaisogeza moja karibu na sahani yangu, akaondoka kwenda kusoma salamu.

Maskini! Nimemhurumia sana. Nimeiweka kadi chini ya kikombe isipeperuke.

Dawa yake ninayo. Kesho alfajiri, kwenye Mseto, nitaipiga ile taarabu ya mlango wa buluu. Sitasema ni ya nani. Na mara hii nitaipiga mara mbili.