Mashine ya Marehemu na Mfumo Mwepesi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Shemeji ametoa hukumu. Kompyuta ya marehemu mke wangu iondoke dukani. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupita Jumamosi na mkokoteni wake, na kama mpaka siku hiyo mashine haijafanya kazi ya kueleweka, itapanda mkokoteni. Nilimkumbusha kuwa ilikuwa ya dada yake. Akasema anajua, ndiyo maana ameivumilia hadi leo.

Kwa haki, ana hoja. Duka letu ni la kuchapa na kutoa nakala. Yeye anashika mashine ya nakala, mimi nachapa. Asubuhi nikiwasha kompyuta, shemeji huinjika chai, huinywa, huosha kikombe, na kompyuta bado inajikusanya. Wateja wamezoea kuvuka korido na kwenda kwa Mhandisi.

Mhandisi ni jirani wa mbele. Uhandisi hakuusomea popote. Jina alijipa mwenyewe, akalipaka rangi mlangoni. Ana kompyuta mpya inayong'aa kama kipara chake.

Yetu ina duara la kahawia juu ya boksi lake. Ni alama ya kikombe. Marehemu alibandika hapo karatasi, "Tafadhali usiweke chai hapa," kisha akaweka chai yake palepale miaka yote. Tena mashine ilipowaka ililia ule mlio wake mfupi wa kukaribisha, naye aliitikia kutoka popote alipokuwa: "Naam, nakuja!" Kama aliyeitwa na mkwe.

Mashine haiondoki. Nina mpango.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mkufunzi wa chuo cha ufundi, mteja wetu, amenipa flashi. Ndani yake mna mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta, uitwao Linux. Alisema mfumo huu haubagui, mashine kuukuu na mashine mpya kwake ni mamoja. Unachomeka flashi, unawasha, na mfumo unaamka kutoka kwenye flashi yenyewe bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Alisema na mengine kuhusu kuhifadhi kazi. Niliitikia kwa kichwa. Akili ilikuwa imeshafika Jumamosi.

Wakati wa kuwasha lazima ubonyeze kitufe fulani. Sikukumbuka kipi. Nikabonyeza vyote vya mstari wa juu, kushoto kwenda kulia, kama mpiga kinanda mwenye harusi mbili. Ikakubali! Kabla sijamaliza kupiga chafya, skrini hii hapa! Shemeji alibaki na birika mkononi. Kwa shemeji, hiyo ni nishani.

Ila haikulia. Iliwaka kimya. Nilijikuta nimesimama tu, nasubiri.

Nikachapa kutwa. Kadi za mwaliko wa harusi, mteja ni ami wa bwana harusi, mtu mzito asiyependa kukaa. Jioni nikazima. Mashine ikaniuliza kama nataka kuhifadhi kazi kwenye flashi. Uzoefu wangu ni kwamba mashine ikiuliza kitu, inataka kitu. Nikakataa.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Kadi hazipo! Hata moja!

Nikampigia Mkufunzi. Akasema mfumo huu ukizimwa bila kuhifadhi, huamka kama uliozaliwa leo. Akasema alinieleza. Inawezekana.

Ami aliuliza kama nina ugomvi na ukoo wa bibi harusi. Nikachapa upya huku amesimama nyuma yangu, anapumua. Safari hii nimehifadhi. Nimehifadhi hata pale ambapo hapakuwa na kitu.

Mchana akaja Mhandisi. Alipoiona mashine inakimbia alicheka hadi akashika mlango. "Jirani! Naona umefufua maiti!" Kisha akakumbuka yuko wapi na anasema na nani. Kicheko kikamkauka. Akatoka, akarudi na karanga.

Nilizipokea. Sikuchukia. Yeye ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele, na mvua ilikuwa inanyesha. Lakini mtu mwenye soni ni mtu wa kutumiwa. Mwalimu Mkuu wa shule ya karibu anatafuta wa kumchapia mitihani ya muhula. Nikamwambia Mhandisi tushindane mbele yake Ijumaa. Kuwasha, kuchapa ukurasa mmoja, kuutoa kwenye printa. Atakayetangulia ndiye mchapaji. Katika hali ya kawaida angenitukana. Leo alikubali, mdomo umejaa karanga.

Shemeji amesema nikishindwa hatutasubiri mkokoteni. Ataisukuma barabarani mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Printa haiutambui mfumo mpya. Nikituma ukurasa, inapepesa taa kama mtu anayesalimiwa na asiyemjua.

Mkufunzi alinielekeza kwa simu. Nenda hapa, chagua jina la printa, kubali. Jina halikuwepo. Akasema chagua ndugu yake. Nikauliza printa zina ndugu? Akashusha pumzi ndefu. Akasema chagua jina linalofanana. Nikachagua, ikachapa. Ukurasa wa majaribio. Halafu mwingine. Halafu mwingine. Kumbe kila nilipokata tamaa asubuhi nilikuwa nabonyeza tena, na printa ilikuwa imeweka yote moyoni. Shemeji akazikusanya karatasi, akasema upande wa nyuma tutaandikia majina ya wanaonishauri.

Kabla hajakata simu nikamwuliza Mkufunzi kama mfumo unaweza kufundishwa kulia. Akauliza mlio wa nini. Nikasema ni wa biashara. Kisha akanieleza polepole, kwa upole ambao sikumzoea nao. Mlio wa zamani bado upo kwenye diski ya kompyuta. Unaufungua, unaunakili kwenye flashi, unauambia mfumo uupige kila unapowaka. Nikafanya hivyo. Nikahifadhi.

Sikuujaribu. Mtu hujaribu kitu asichokiamini.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Siku ya siku!

Mhandisi alileta kompyuta yake mpya ameikumbatia kama mtoto wa kwanza. Tukaziweka juu ya meza moja. Mwalimu Mkuu alivaa miwani yake ya kamba, akatuweka mbalimbali, akaonya kuwa hakuna kuchungulia ya mwenzako. Akasema, "Anzeni."

Ya Mhandisi ikawaka vizuri sana. Kisha likatokea duara linalozunguka na maneno kwamba mashine inajisasisha, tafadhali usiizime. Mhandisi akaomba ruhusa aizime. Mwalimu Mkuu akasema mashine imeomba kwa adabu, na yeye humheshimu anayeomba kwa adabu.

Yangu ikawaka. Na ikalia! Mlio uleule! Na kutoka nyuma ya mashine ya nakala shemeji akaitikia, "Naam, nakuja!"

Hakuja. Hata mwenyewe hakujua kama amesema. Sauti yake na ya dada yake ni moja. Tumekaa naye chumba kimoja muda wote huu na sikuwahi kuligundua hilo. Mhandisi akatazama viatu vyake. Mwalimu Mkuu akavua miwani akaifuta. Mimi nikaendelea kuchapa, maana muda ulikuwa unakwenda.

Nimeshinda. Ukurasa ulitoka moto, umenyooka, duara la Mhandisi bado linazunguka. Mwalimu Mkuu amenikabidhi mitihani yote ya muhula, imeandikwa kwa mkono wa kila mwalimu, na miandiko mingine yafaa ifikishwe polisi. Anaitaka Jumatatu. Hadi kufunga duka nilikuwa nimechapa yote isipokuwa sayansi. Yote imo kwenye flashi.

Mhandisi alirudi jioni, mpole. Akauliza kama mfumo wangu unaweza kuingia hata kwenye mashine yake mpya. Nikamwambia kesho aniachie kila kitu mimi. Wanasema mpanda ngazi hushuka. Kweli, lakini huku juu hewa ni nzuri.

Nilimwuliza shemeji kama hukumu imefutwa. Akasema Jumamosi haijafika.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nimeandika tarehe, kalamu ikagoma. Naanza tena.

Nilichomoa flashi kwenye mashine yetu, nikavuka korido. Kompyuta ya Mhandisi ikaikataa. Hizi mpya zina kufuli la ndani linalozuia mifumo zisiyoijua. Nikaingia kwenye mipangilio, nikalifungua. Mfumo ukawaka hata kidole hakijatoka kwenye kitufe! Mhandisi alikaa chini. Akasema kumbe alikuwa anafuga kobe.

Ningeishia hapo. Lakini nilitaka awe na wake, wa kudumu, ndani ya mashine. Kuna sehemu ya kusimika mfumo. Mkufunzi alishaniambia nisome majina ya diski kabla ya kubonyeza chochote, kwa sababu diski utakayochagua inafutwa yote. Nikasoma. Zilikuwa mbili, moja kubwa, moja ndogo, na majina yao ni herufi na tarakimu tupu kama namba za magari. Nikatumia busara. Diski kubwa lazima ndimo vilimo vitu vya Mhandisi. Tusiiguse. Nikachagua ndogo. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Ikauliza tena. Nikaona inanidharau.

Ndogo ilikuwa flashi yangu.

Mfumo ulijifuta, ukajisimika upya juu yake mwenyewe. Flashi sasa ni kama kitoto kichanga. Haijui printa. Haijui mlio. Haijui mtihani hata mmoja. Kompyuta ya Mhandisi haikupata hata mkwaruzo. Alinishukuru kwa hilo, masikini.

Nikatoka mbio. Mkokoteni ulikuwa mlangoni kwetu. Juu yake, kati ya mabati na fremu ya baiskeli, lilikuwepo boksi la kompyuta kuukuu. Nililishika, nikaligeuza, nikatafuta alama ya kikombe. Haikuwepo. Mnunuzi wa vyuma akasema mzee, kama unalitaka sema, usilipapase.

Ndani nilimkuta shemeji mezani kwangu, anachapa. Kwenye mashine ya dada yake. Kwenye mfumo ule wa zamani, mzito, wenye kwikwi. Kikombe chake cha chai kilikuwa juu ya boksi, juu ya ile karatasi, ndani ya duara lilelile.

Alisema nilipoondoka na flashi aliiwasha tu, aone. Ilichukua muda wake kama kawaida, naye akainjika chai kama kawaida. Kisha ikalia. Akaitikia. Safari hii alijisikia. Kisha akachukua mtihani wa sayansi uliobaki, akaanza. Mnunuzi wa vyuma alipopiga hodi alimwambia mashine ina kazi, apite mwezi mwingine, au asipite.

Nikamweleza yaliyoipata flashi. Akasema hakuhitaji kuelezwa, uso wangu ulitangulia kuingia. Nikamwambia kwenye mashine hii nzito hatutamaliza kamwe. Akaipiga kwa kiganja ubavuni, mara mbili, kama alivyofanya marehemu kila ilipokwama. Ikakwamuka. "Inachelewa, shemeji," akasema, "lakini kwani ina safari?"

Baadaye Mhandisi akavuka korido na kompyuta yake kifuani. Alisema hisabati aachiwe yeye. Tukachapa watatu hadi kiza kikaingia. Shemeji alinisukumia kikombe cha chai na kunionyesha mahali pa kukiweka. Mbali na flashi.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Jana tulimalizia. Leo asubuhi nimepeleka mitihani shuleni. Mwalimu Mkuu ameipitia yote, akanipa mkono. Makosa mawili tu, yote ya Mhandisi. Muhula ujao kazi ni yetu tena.

Nimerudi, nimewasha mashine. Imelia. Tumeitikia wote wawili, shemeji na mimi, tukatazamana, akaenda kuinjika chai.

Sasa kuhusu ofisi ya Mwalimu Mkuu. Nilipokuwa pale niliona kompyuta yake. Si kuukuu, si mpya, ila inakwenda kama mgonjwa anayeshika ukuta. Alilalamika kwamba imebeba shule nzima, majina, matokeo, kila kitu tangu shule ifunguliwe, na kwamba hakuna nakala mahali pengine popote. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Flashi ninayo, na mfumo uliomo ni mpya kabisa. Kesho nitampitia. Alifurahi mno.

Shemeji ameniuliza kama nimejifunza kitu wiki hii. Nimemwambia ndiyo, tena sana. Kosa langu lilikuwa kuchagua diski ndogo.

Kesho nachagua kubwa.