Ombi la Kumzuia Mwalimu Sabaha Asifundishe Moyo kwa Singeli

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule yetu ya Msingi,
Babati.

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, shikamoo.

Mimi ni Nestory, mkulima wa Sigino, baba yake Careen wa Darasa la Sita. Naandika kwa heshima zote kuomba Mwalimu Sabaha akatazwe kuchanganya masomo na mambo ambayo watoto wanayapenda. Nyumba yangu ilikuwa na utulivu. Sasa haina. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alifundisha mzunguko wa damu kwa mdundo wa singeli. Careen akauleta nyumbani, na mama yangu mzazi, mwenye miaka sabini na nne, akaudaka. Kila asubuhi anakamua ng'ombe akiimba, "Kulia chafu, mapafuni! Kushoto safi, mwilini!" Mdundo ni wa kasi mno. Ng'ombe anahema.

2. Asilimia alizifundisha kwa mpira. Binti yangu alikaa mbele ya redio na daftari, akanitangazia kwamba mshambuliaji ninayemtetea tangu mwaka jana amepiga mashuti arobaini na kufunga matatu. "Asilimia saba na nusu, baba." Kisha akahesabu ni mara ngapi nimeosha vyombo tangu Januari. Jibu lilikuwa sifuri, na mke wangu Hilaria alicheka mpaka akakaa chini.

3. Hili ni zito zaidi. Mkutano wa Berlin aliuelezea kama dirisha la usajili: vilabu vya Ulaya vimekaa mezani vinagawana wachezaji. Mama aliuliza, "Na wachezaji wenyewe waliulizwa?" Careen akasema hapana. Mama akasusa ugali! Akasema hatakula mpaka aambiwe mambo yaliishaje, na somo la uhuru lilikuwa Ijumaa. Siku aliyosusa ilikuwa Jumatano. Tulimbembeleza kwa uji tu. Ijumaa uhuru ulipopatikana, alipiga vigelegele hadi jirani yetu Mepukori akaja mbio na kuku, akidhani tumepata mtoto. Kuku tulimla. Bado hatujamweleza vizuri.

4. Usanisinuru ameugeuza tamthilia. Jani ni mpishi, maji yanapanda kutoka mizizini, hewa ukaa inaingia kwa mlango wa nyuma, na Mwanga ndiye mume asiyetabirika. Majirani waliokuwa wanakuja kwangu jioni kuangalia televisheni sasa wanasema, "Zima hiyo, Careen aendelee." Nimezimiwa televisheni yangu, kwa kura, nikiwa nimekalia kigoda kwa sababu kochi limejaa.

Mheshimiwa, sisi hatukufundishwa hivi. Tulinakili ubaoni kimya kimya, tukachapwa, tukakariri. Mimi niliukariri moyo wote na nimeusahau kwa amani, bila kumsumbua mtu yeyote. Mtoto akizoea kuelewa, kesho atataka kuelewa na mambo ya wakubwa. Tayari ameniuliza kwa nini wewe hujibu barua za wazazi.

Hivyo naomba mwalimu huyu apewe onyo, au ahamishiwe shule ambayo watoto wake hawana redio.

Nisalimie walimu wote, mama anayepika uji, mlinzi wa getini, na kamati nzima ya shule. Mama anawasalimu pia, kwa mdundo.

Ni mimi, mzazi ninayeteswa na elimu,
Nestory

Nyongeza: Barua hii niliiandika Jumatatu. Leo Jumanne nimeileta mwenyewe, nikakuta ofisi yako imefungwa, nikasubiri karibu na dirisha la Darasa la Sita. Mwalimu Sabaha alikuwa anafundisha sumaku. Akauliza, "Kwa nini wasanii wawili wenye majina makubwa hawakai jukwaa moja?" Watoto wakatazamana. Mheshimiwa, mkono wangu ulinyooka wenyewe. Akasema, "Haya, Baba Careen wa dirishani." Nikajibu kwa sauti, "Ncha zinazofanana husukumana!" Wamenipigia makofi, watoto arobaini na wawili, na mwanangu amesimama juu ya dawati. Sijawahi kupigiwa makofi shuleni maishani mwangu. Tafadhali chana barua hii, na unijulishe kipindi cha Alhamisi kinaanza saa ngapi. Nitakuja na kiti changu.