Mate ya Dada Yangu Borghild

Jumatatu, 2 Juni

Majibu ya maabara yamefika. Kromosomu X yangu na X ya Jorunn: hakuna kinachofanana. Hata chembe! Nimezunguka meza ya jikoni mara kumi na moja.

Jorunn ni mwenyekiti wa kamati ya sanamu. Pia ni kitukuu wa Lars mpiga fidla, mtu pekee maarufu aliyewahi kuzaliwa bondeni kwetu. Sanamu ya Lars inazinduliwa mwezi ujao. Kitambaa cha kuifunika kina kamba mbili. Moja atavuta Jorunn. Ya pili itavutwa na mzao mwingine, mwenye ushahidi. Kitabu cha kanisa kinasema baba yake Bibi Marit, mama mzaa baba yangu, hajulikani. Mimi namjua. Ni Lars. Masikio yangu yanatosha kuwa ushahidi! Jorunn hataki masikio. Vinasaba vya kawaida hataki pia, maana bonde hili tumeoana wenyewe kwa wenyewe mpaka kila mtu ni binamu wa kila mtu. Anataka X tu.

Faraja moja. Sigbjørn, mpinzani wangu, anadai ni mzao wa Lars kwa upande wa mama yake, lakini amekataa katakata kupimwa mate. Anasema mate yake hayasafiri bila yeye. Safi sana.

Jumatano, 4 Juni

Nimesoma vizuri. Mwanamume hupata X moja tu, ya mama yake. Baba humpa mwana wa kiume Y, basi. X yake humpa binti, nzima, bila kukatwa. Kwa hiyo X ya Bibi Marit ilifika kwa baba, ikaniruka mimi, ikatua kwa dada Borghild.

Ningetegemea nini kingine? Shamba alipewa yeye kwa odel, sheria yetu ya urithi wa shamba, kwa sababu alinitangulia kuzaliwa miaka miwili. Sasa na X! Imeniuma, naandika wazi. Nilidhani angalau mwilini tuligawana sawa.

Sijakanyaga shambani tangu mazishi ya baba, miaka sita sasa. Nikamwombe mate? Thubutu! Nitayapata kwa akili.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda. Nilisema nimefuata skii zangu ghalani. Borghild akauliza, mdogo wangu, Juni hii theluji utaipata wapi? Kisha akaniambia nivue viatu, niingie, kahawa ipo.

Kikombe hakukiachia hata dakika moja. Alipomaliza akakiosha papo hapo. Akauliza kama niko salama, mbona namkodolea macho mdomoni. Nikasema nasifia meno yake.

Nilikuwa nimekata tamaa, nikatoka barazani. Kumbe! Kwenye kisahani, vifuko viwili vya ugoro, vile vya kubana chini ya mdomo, bado vibichi. Baba naye alikuwa hivyo hivyo, hakuwahi kukaa bila ugoro. Ameurithi na ugoro! Nikavifunga kwenye leso. Nimeondoka bila skii. Iko maabara ya ng'ambo inayopokea chochote, hata vijiti vya meno. Borghild alisimama mlangoni akinipungia mkono. Niligeuka haraka.

Jumanne, 8 Julai

Majibu! X ya Borghild na ya Jorunn zinafanana, tena kipande kirefu! Nimelia kidogo. Nimemtumia Jorunn kurasa zote saba kabla hata sijamaliza ya kwanza. Nimenunua tai.

Ijumaa, 11 Julai

Jorunn amepiga simu. Sauti ya upole, sikuipenda. Akauliza kama dada yangu hufuga ndevu. Ukurasa wa pili unasema mwenye mate ni mwanamume. Ukurasa wa tatu unasema mimi na huyo mwenye mate si ndugu wa karibu. Akauliza mate niliyatoa wapi. Nikasema barazani kwa Borghild. Akasema basi hayo ni ya Sigbjørn, bonde zima linajua anakunywa kahawa pale tangu Pasaka.

Bonde zima! Mimi naishi bonde gani?

Jioni Sigbjørn mwenyewe akapiga. Nilitegemea matusi, na ningestahili. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Ameiruhusu kamati itumie majibu. Kamba ya pili ni yake. Akanishukuru kwa kuyasafirisha mate yake, na mwisho akaniita shemeji.

Shemeji!

Jumanne, 29 Julai

Sanamu imezinduliwa. Sigbjørn alivuta kamba vizuri mno, inaudhi. Masikio ya Lars yamechongwa madogo. Nitawaandikia barua.

Nilijibanza nyuma kabisa, karibu na meza ya keki. Borghild akanifuata, akaketi, akanikatia kipande kikubwa kuliko chake. Akasema ningemwomba mate angenijazia ndoo. Akasema kwa miaka sita alikuwa anangoja nije kwa sababu yoyote ile, na ile ya skii ilikuwa ya kijinga lakini aliifurahia siku nzima. Akasema nikishika kikombe anamwona baba, vidole vile vile, na kwamba hilo yeye hakupewa. Nikamwambia keki ni tamu.

Sigbjørn akaja akaketi katikati yetu. Tumekula pamoja, vizuri tu. Borghild ameahidi kuja kwangu Alhamisi, ateme mwenyewe kwenye kichupa, mbele ya macho yangu.

Kwa usalama, nimeondoka na uma wake mfukoni. Nyumbani nimeuchunguza kwenye mwanga. Ni wake kabisa. Sigbjørn, nadhani, alikula kwa kijiko.